Orodha ya Bosi

Wanawake wa karakana ile ya kushona sare za shule walikuwa na utaratibu wao. Mwenzao akifikisha mimba miezi saba, anapewa kipande cha karatasi ya kaki, ile ya kuchorea vipimo, aandike kwa kalamu vitu anavyohitaji kwa ajili ya mtoto. Karatasi inabandikwa ukutani karibu na meza ya pasi. Anayetaka kuleta kitu anachukua chaki ya fundi, anakikata kwa mstari na kuandika jina lake pembeni. Ukishakata umeahidi, na hakuna kurudi nyuma. Walianza hivyo tangu msimamizi wao alipojifungua akaletewa mabeseni tisa bila nepi hata moja.

Huyu mwenzao ninayemsimulia walimwita Kola, kwa sababu kazi yake ilikuwa kola tu, asubuhi hadi jioni. Kusema kweli, lilikuwa pia jina la kumsitiri. Wengine wote mle ndani walikuwa mama fulani. Yeye alibeba mimba miaka minne nyuma, akaifikisha miezi tisa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu kama huyo utamwitaje? Wakamwita Kola, mambo yakaisha.

Sasa mimba ya pili ilikuwa imefika miezi saba. Siku hiyo, saa ya chai, Mama Vifungo, shoga yake wa cherehani ya jirani, alimletea karatasi mpya.

"Weka karatasi yako," Kola alisema. "Mimi ninayo."

Akavuta droo ya cherehani yake na kutoa, chini ya bobini na sindano zilizovunjika, karatasi iliyokunjwa mara nne. Vikombe vikatulia. Kila mmoja aliijua. Juu kabisa palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: Vitu vya Bosi. Ndivyo walivyokuwa wakimwita yule mtoto wa kwanza akiwa tumboni, kwa vile alivyopiga mateke kama anayewaharakisha watu kazini.

Mama Vifungo alimsogelea. "Mwenzangu, andika mpya. Karatasi zimejaa tele humu."

"Vitu si ni vilevile? Kipimo kikishatoka vizuri, nani anachora tena?"

"Na hilo jina hapo juu?"

"Na huyu naye atakuwa Bosi."

Kosa lilikuwa hilo, na ni fundi tu angelifanya, mtu aliyezoea kutumia kipimo kimoja mpaka kichanike. Kola akachukua kitambaa, akapangusa mistari ya chaki ya miaka minne nyuma, akaibandika orodha ukutani.

Ilikuwa orodha ya mtu mwenye akili zake. Beseni la kuogea lisiloteleza. Nepi za kitambaa dazeni mbili. Blanketi jepesi, si lile zito la kumchemsha mtoto. Chandarua. Kipima joto. Kola hakutaka madoido. Mmoja alipouliza kwa nini hakuna viatu, vile vidogo vya sufu vinavyopendeza, Kola alimkata kauli.

"Mtoto mchanga viatu vya nini? Anakwenda wapi?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kola naye alicheka, huku mkono wake umekaa juu ya tumbo. Alimtaka mtoto huyu kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alimtaka mzima, analia.

Ndani ya wiki mbili kila mstari ulikuwa umekatwa na vitu vimefika. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, alikiunga kitanda cha mtoto kwenye chumba kidogo upande wa uani. Kola akazipanga nepi kwenye sanduku, kila moja imekunjwa pembe kwa pembe.

Jumanne alirudi kutoka kazini saa kumi, jua bado kali dirishani. Nepi moja ilikuwa sakafuni. Akainama kwa shida, akaiokota. Ilikuwa imelowa. Ilikuwa ya moto mkononi mwake.

"Paa linavuja," mumewe alisema jioni.

Mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Hakumkumbusha.

Alhamisi ilikuwa zamu ya beseni. Alikuwa ameliegemeza ukutani, kavu. Alilikuta katikati ya chumba likiwa na maji hadi nusu, na povu juu yake. Kutoka kwenye beseni nyayo mbichi zilikwenda mpaka dirishani, zikasimama hapo, kama mtu aliyekuwa akitazama nje kama mama yake anarudi.

Kola alikuwa fundi. Alichofanya ndicho ambacho fundi yeyote angefanya: alivuta futi yake ya kupimia kutoka shingoni, akapiga magoti, akapima. Sentimita kumi na sita. Mtoto mchanga hana mguu wa namna hiyo. Huo ni mguu wa mtoto wa miaka minne.

Alikaa pale sakafuni mpaka nyayo zikakauka.

Kesho yake, alipofika kazini, orodha ilikuwa na mstari mpya. Herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, moja imegeuzwa nyuma mbele, kama za mtoto anayefundishwa kuandika.

Viatu.

"Nani kaandika huu upuuzi?" Mama Vifungo aliuliza. Akawatazama wote mmoja mmoja. Wote walitikisa kichwa.

Kola hakuuliza. Alichukua chaki, akaukata mstari, akaandika jina lake pembeni. Mchana aliomba ruhusa, akaenda dukani na kununua viatu vyeusi vya kufunga kwa kishikizo, vya mguu wa sentimita kumi na sita. Akaviweka mlangoni mwa kile chumba kidogo. Alilia wakati anaviweka, na si kwa hofu. Miaka minne mwanawe alikuwa peku.

Siku nne zikapita kwa amani. Tumbo lilicheza vizuri. Nepi zilikaa sandukuni. Kola alianza kuimba kwenye cherehani, na wenzake walikonyezana kwa furaha. Mstari wa pili ulipotokea, Mpira, hakushtuka hata kidogo. Alikata, akanunua, akaupeleka nyumbani. Alijiona mama wa watoto wawili. Masikini, ndizo siku alizokuwa na furaha kuliko zote.

Jumatano aliwahi kufika kabla ya wenzake. Taa zilikuwa hazijawashwa. Mstari wa tatu ulikuwa mrefu, umepanda juu na kushuka.

Mdogo wangu.

Aliusoma mara mbili. Mikono yake ikafunika tumbo.

"Hapana," alinong'ona. "Hicho hapana, mwanangu. Omba kingine. Chochote."

Mtoto tumboni akageuka, akapiga teke moja la nguvu.

Kola aliing'oa orodha, akaikunja, akairudisha kwenye droo. Akajipa moyo kwamba utaratibu ni utaratibu. Kisichokatwa hakiletwi. Yeye hatakata, na hakuna mwingine atakayekata. Siku nzima alishona huku goti lake limeibana ile droo. Hakwenda hata chooni.

Saa tisa mumewe alimpigia simu. Kola akatoka uani, kwenye mtandao mzuri, akaongea naye dakika tatu. Aliporudi akakaa. Akavuta kola nyingine. Akaigeuza.

Kisha akatulia.

Ilikuwa kama pale jokofu linapozima. Hujui kwamba lilikuwa likinguruma mpaka linyamaze. Akaligusa tumbo. Akalibonyeza ubavuni, pale mtoto alipopenda kuegemea. Akangoja.

"Mama Vifungo," alisema polepole. "Umegusa droo yangu?"

Shoga yake alisogeza kiti karibu. Macho yake yalikuwa na huruma.

"Nilitaka mkasi, nikaiona ile karatasi. Nikaona maneno yale ya mwisho. Nani ana roho mbaya hivyo jamani, kukutonesha kidonda? Nikaufuta ule mstari, mwenzangu. Nimeukata kwa chaki, usije ukauona tena."

Kola akaivuta droo. Mstari wa bluu ulipita juu ya maneno yale, umenyooka, wa mkono uliozoea kazi. Akausugua kwa kidole. Akausugua kwa mate. Akausugua kwa kitambaa mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya. Chaki ya fundi hutoka hata kwa pumzi. Hii haikutoka.

"Nimefanya nini?" Mama Vifungo aliuliza. Kisha akaitazama orodha yote, mistari yote na majina yote pembeni, na akajua. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Hospitali mkunga alisogeza chombo chake juu ya tumbo, huku na huku, kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akamwita mwenzake, naye akasogeza. Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa siku iliyofuata asubuhi, mzima kwa kila kiungo, na hakulia.

Walirudi nyumbani Jumamosi mchana. Mumewe alimshika mkono mpaka kwenye kile chumba, kwa sababu Kola alisisitiza. Viatu vilikuwa mlangoni. Soli zake zilikuwa na tope, na uani kwao hapakuwa na tope. Kwenye sakafu zilipita alama za viatu vile zikizunguka kitanda, na kando ya alama hizo, bega kwa bega, nyingine: viganja vidogo na magoti.

Mumewe alileta ndoo na tambara, akapiga deki. Kesho yake saa kumi zilikuwepo tena. Mpaka leo anapiga deki kila siku. Walishauriwa kuhama. Kola amekataa.

Orodha ameirudisha ukutani mwenyewe. Hakuna anayeigusa, na Mama Vifungo alihamishia cherehani yake upande wa pili, ambako orodha haionekani.

Mwaka ulipotimia, mumewe alipiga magoti na tambara lake na kukuta kwamba viganja havipo. Kando ya alama za viatu palikuwa na nyayo mbili peku, ndogo sana, zimeyumba kidogo, za mtu aliyesimama kwa mara ya kwanza.

Jumatatu yake, kwenye orodha, yalikuwepo maneno mapya kwa zile herufi zilizopinda, safari hii zimenyooka kidogo.

Viatu vingine, vidogo.

Kola aliyasoma. Wenzake waliacha kushona, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Yeye akachukua chaki, akakata mstari, na pembeni akaandika jina lake.