Kinu Kilichobebwa Wamaza

“Régina, unatia nini mu kitunga?”

“Pamba, mama.”

“Pamba haina mulio ile.”

Régina hakugeuka. Tangu alfajiri alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba, akichota mchanga wa mtoni kwa kibuyu na kuumwaga katikati ya pamba aliyoitolea jasho msimu mzima.

Mama yake, Anastasie, alichungulia ndani ya kitunga. Uso ukambadilika.

“Leo ni soko ya pamba kule Wamaza. Muzungu akikuta muchanga, kapita aliyepitisha atalalishwa chini. Watamupiga fimbo mbele ya watu.”

“Najua. Nitasimama karibu nisikie vizuri.”

Kapita mwenyewe, mnyapara wa pamba, alikuwa Octave, mchumba wake wa zamani. Kwao, mwanaume akitaka mke huchonga kinu kwa mikono yake, akakipeleka nyumbani kwa msichana. Kinu kikikaa, uchumba upo. Kikirudi, yamekwisha, na hakuna anayemuuliza mwenzake sababu, maana kuuliza ni kujishusha. Octave alichonga kinu kizuri kuliko vyote vya kijiji. Akipita kijijini kwa kina Régina na kumsikia akitwanga, alijua hali yake kwa mlio wa mchi, akacheka na wenzake: “Leo iko na njaa.” Au: “Leo mama yake amemugombeza.” Na kila mara alipatia.

Halafu siku moja akaja Odile, binti wa shangazi wa Régina, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kati ya wachumba hao. Alisimama mlangoni akiwa ameinamisha macho.

“Octave amenituma. Anataka kinu yake. Ameona bibi mwingine.”

Régina hakuuliza hata neno moja. Alikiinua kinu mwenyewe, akamtwika Odile kichwani. 

“Mutoto wangu,” Anastasie alisema, bado akikitazama kitunga cha pamba, “ile inakukula iko kasirani, ao iko haya?”

“Iko moja tu, mama. Kasirani.”

“Miye nilishikaga kasirani na baba yako miaka mingi. Mpaka amekufa sikumuuliza alinikosea nini. Leo hata nikitaka kumuuliza, nitauliza nani?”

“Nisaidie kutwika kitunga.”

Anastasie alikataa. Régina akajitwika mwenyewe.

Hesabu yake ilikuwa rahisi, nami siwezi kusema ilikuwa ya kijinga. Kazi ya kapita ni kuzamisha mkono ndani ya kila kitunga mpaka kiwiko, apapase kama kuna maji au mawe. Lakini tangu kinu kirudi, Octave alikuwa hamwangalii Régina, na kitunga chake hakigusi. Angempitisha kama siku zote, macho pembeni. Mbele kule Mzungu mnunuzi angemwaga pamba kwenye turubai juu ya pamba ya wengine, mchanga usijulikane wa nani, na fimbo ingemshukia kapita.

Soko la Wamaza lilijaa watu. Wanawake walipanga mstari, jua likiwawakia. Régina alipofika mbele ya Octave, alishusha kitunga na kungoja apungiwe mkono apite.

Octave hakupunga mkono; alikuwa amesikia mlio wa kitunga kiliposhuka. Alimtazama usoni, halafu akazamisha mkono wake mpaka kiwiko.



Mkono ulikaa mle ndani muda mrefu. Ulipotoka, chembe za mchanga zilikuwa zimeshika kwenye kucha. Angepaza sauti, polisi wangemkamata Régina palepale na kumpeleka gerezani Kabambare. Octave alijifuta mkono kwenye kaptura.

“Iko muzuri,” alisema. “Pita.”

“Umesikia muchanga,” Régina alinong’ona.

“Nimesikia. Pita, watu wanangoja.”

“Watakupiga.”

“Wapige. Fimbo itauma, halafu itapoa. Kinu ulinirudishia haijapoa mpaka leo.”

“Nilikurudishia? Weye ndiye ulituma Odile akichukue.”

“Miye?” Octave alimsogelea. “Odile alikuja nayo kichwani. Akasema umenikataa, umepata mutu wa Kasongo mwenye baisikeli.”

“Na haukuniuliza?”

“Na weye uliniuliza?”

 Polisi akapiga kelele mstari usogee, na Régina akajikuta amejitwika kitunga tena, anasukumwa mbele.  Miezi yote ile alimchukia mtu ambaye hakumkosea, na sasa mtu huyo alikuwa tayari kulala kifudifudi kwa ajili yake. Mbele yake walibaki wanawake wachache. Mzungu alikuwa akimwaga vitunga kimoja kimoja.

Régina alikiinua kitunga na kukipindua chini.

Pamba yote ilimwagika kwenye mchanga wa soko, na mchanga wa mtoni ukachanganyika na wenzake. Akajiangusha juu yake, akagaragara kama mtu aliyejikwaa, mpaka pamba nyeupe ikawa kama matope. Wanawake wakashika vichwa.

“Pamba iko muchafu,” Mzungu alifoka. “Sichukui. Ondoka hapa.”

Msimu mzima ukaishia pale. Régina aliinuka, akajipangusa, na hasira yake ikainuka naye. Safari hii ilijua inakokwenda.

Odile alikuwa ameketi pembeni ya soko na chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, anamngoja Octave amalize kazi ampakulie. Naam, wasomaji wangu, alikuwa ameshaanza kumlisha.

“Yaya Odile,” Régina alisema, akimwita dada mkubwa kama siku zote, “Octave alikutuma kinu lini?”

“Maneno gani tena hayo?”

“Iko nyuma yako. Muulize mbele yangu.”

Odile aligeuka, akamwona Octave amesimama, mkono wake bado una vumbi.  Watu wakaanza kukusanyika.

“Miye nilitangulia kumupenda, mbele yako,” alisema mwishowe, sauti imekatika. “Mbele yako, Régina. Halafu mukanifanya mubeba-maneno. Kila siku nabeba maneno yenu matamu. Hakuna mutu aliniuliza miye ninasikia nini.”

Régina alikitazama chungu. Mkono ulimwasha ammwagie Odile usoni ile sombe ya moto. Akauacha mkono ushuke.

“Octave, kinu iko wapi?”

“Kwangu hapa Wamaza, nyuma ya nyumba.”

“Leta.”

Kilipoletwa, Régina alikigonga kwa kidole.

“Beba,” alimwambia Odile.

“Mpaka kwenu? Njia iko murefu.”

“Wakati wa kuja nayo uliiona fupi.”

Odile akabeba. Régina alimfuata nyuma hatua kwa hatua, na katika kila kijiji watu walitoka kuuliza, “Kinu ya nani hiyo?” Odile akinyamaza, Régina alisimama, na kinu kikazidi kuelemea shingo. Basi Odile alijibu: “Ya Régina. Nilimunyang’anya kwa uongo.” Walipofika, hakuna aliyekuwa hajui. Régina aliusikia utamu wa jambo lile, na wala hakujificha.

Asubuhi ya harusi ya Régina na Octave, Odile ndiye aliyewekwa kutwanga mpunga wa wageni, peke yake, ndani ya kinu kilekile. Régina alikuwa ndani anavishwa, sikio likiwa nje. Mchi ulipiga, ukakawia, ukapiga vibaya. Akatoka na kitenge chake kipya.

“Unalia?”

“Iko vumbi ya mupunga.”

“Yaya, sijakusamehe. Usiambie mutu nimekusamehe.”

“Sitasema.”

“Nilifikiri nikisikia unalia, roho yangu itashiba.”

“Na imeshiba?”

“Hapana. Sogea kidogo.”

Akachukua mchi wa pili. Wakatwanga kwa zamu, mmoja na hasira yake, mwingine na uchungu wake.

Njiani Octave alikuwa akija na ndugu zake na mbuzi wa harusi. Kaka yake, Théophile, aliisikia michi ikigonga, akamgusa bega.

“Weye fundi wa kusikiliza kinu, leo bibi yako iko namna gani?”

Octave alisimama, akatega sikio kwa muda.

“Sijui,” alisema. “Nikifika nitamuuliza.”