Konokono wa Nesi

Nesi aliingia kwenye jengo la maduka kununua chaja, umati ukamsukuma hadi kwenye kibanda cha matangi ya samaki. Gauni lake jeupe la kazi lilikuwa limenyooka kwa pasi. Mwenye kibanda, mwanamume mrefu aliyekunja mikono ya shati, akamuuliza anafuga nini.

"Samaki wa dhahabu wawili. Walikuwa wa mama. Kioo kimeota ukijani, hata siwaoni."

"Chukua konokono. Wanalamba kioo kutwa nzima na hawaombi likizo. Ila chagua wakubwa, maana mdogo samaki wako watamfanya kitafunio."

Nesi hakucheka. Tangu mama yake azikwe miezi minne nyuma, alikula, alilala, alichoma wagonjwa sindano, na moyoni kumekufa ganzi. Dada yake alimficha ugonjwa wa mama, eti asivurugike katika mitihani yake ya mwisho ya unesi. Alipoitwa nyumbani, alikuta watu wanatoka makaburini. Hakutoa chozi siku ile wala baadaye.

Alinunua konokono watatu, mmoja ana gamba lililomeguka ukingoni, akaacha namba yake ya simu. Kesho yake muuza samaki akapiga simu kuwajulia hali konokono. Wiki iliyofuata alikuwa anamjulia hali yeye.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

"Basi nakuja nikukumbushe."

Alikuja kweli, mara nyingi, na hakumlazimisha kuchangamka. Walikaa mbele ya tangi wakiwatazama konokono wakipanda kioo polepole. Nesi alimpenda kwa kiasi alichoweza, akampa ufunguo wa nyumba.

Siku moja samaki wakatoka madoa meupe mwilini. Nesi alikuwa zamu, akampigia, naye akaenda kuwatia dawa. Jioni akamwambia, "Nimefunika tangi kwa kitambaa. Usifunue siku nne, wanataka giza." Nesi akatii. Kila siku muuza samaki alikuja kubadilisha maji.

Siku ya tano kitambaa kikatolewa. Samaki walikuwa wazima. Konokono walikuwa watatu, wote magamba yao mazima.

"Yule aliyemeguka yuko wapi?"

Muuza samaki alikuna kichwa, kisha akakubali kusema. "Dawa ile ina shaba. Inawatibu samaki, inawaua konokono. Nilikuwa na haraka, nikasahau kuwatoa kwanza. Nikaona umeshalia vya kutosha, nikaleta wengine."

"Mimi sijalia hata mara moja," Nesi alisema. "Kila mtu ananipima, anaona sitaweza, ananificha. Weka ufunguo mezani uende."

Akauweka, akaenda. Nesi aliosha vikombe, akapanda kitandani. Hakuumia, na hilo lilimwogopesha. Siku kumi na moja simu iliita, hakupokea.

Siku ya kumi na mbili, Ijumaa, samaki mkubwa alikuwa amelala ubavu chini ya tangi, tumbo limevimba, magamba yamesimama. Nesi akapiga mwenyewe.

"Njoo umwangalie. Usinibembeleze."

Alifika na shati lililofungwa vifungo vibaya. Aliinama kwenye kioo muda mrefu.

"Niseme?"

"Sema."

"Huyu haponi. Sina dawa ya kumpa. Hafiki Jumapili."

Nesi alishusha pumzi. Tangu mama augue, hakuna aliyemwambia jambo likiwa bado halijatokea.

"Na konokono wale niliwaua mimi," muuza samaki akaongeza, "kisha nikakudanganya. Nakupenda, lakini hilo halinitetei."

"Halikutetei," Nesi alisema. "Kesho una kazi?"

"Ninayo."

"Funga kibanda. Ukae nami mpaka amalize."

Nesi aliomba ruhusa wodini. Jumamosi asubuhi waliketi bega kwa bega, kiti kimoja cha jikoni na kingine cha sebuleni. Samaki alipumua kwa taabu, akapumzika, akapumua tena. Saa nne hivi mashavu yake yakaacha kucheza. Nesi alikuwa amemtazama mpaka mwisho, kiganja chake kimeegemea kioo.

"Mama," alisema, na kilio cha miezi saba kikamtoka kwa sauti.

Muuza samaki alimshika mkono, na hakumwambia anyamaze.