Mluzi wa Trekta la Ushirika

Mimi si mtu wa kuamini kila linalosemwa vilabuni. Lakini hili lilimkuta mjomba wangu Mahona, na nilikuwepo.

Ilikuwa 1995. Pamba ilikuwa ikinunuliwa na kila mwenye mzani, na ushirika wetu, nje kidogo ya Bariadi, ukiuza vyuma vyake chakavu. Mjomba, fundi wa injini, aliuza ng'ombe wake wote wa kulimia akanunua trekta bovu. Lisipowaka kabla ya mvua, familia nzima tungerudi kwenye jembe la mkono.

Aliishusha injini uani, akaifungua yote. Akabadilisha ringi za pistoni na beringi, akasafisha tabo, lile konokono la chuma linaloisukumia injini hewa huku likipiga mluzi.

Jirani yetu, Mayu Kwandu, mayu yaani mama kwa Kisukuma, alikuja kila asubuhi kukaa karibu. Mwanawe Salu ndiye aliyekuwa dereva wa trekta hilo, mpaka lilipompindukia akafa. Alipokuwa hai, akikaribia nyumbani alipiga mluzi mara tatu, mama yake akasonga ugali. Mayu Kwandu alipikia mavi ya ng'ombe, maana kuni hakuna, na moshi wake ulimfanya awe na macho mekundu. Kwetu, macho hayo kwa mwanamke mzee ni kesi ya uchawi tayari.

"Ng'wanone, mwanangu," alimwambia mjomba, "mwambie mwenyewe kabla hujawasha."

"Mwenyewe ni mimi, mayu."

Akawasha. Ikatoa moshi wa bluu, ikazima. Siku tatu hivyo hivyo. Asubuhi ya nne akamkuta bibi ameshika tabo, anaongea nalo. Akaenda moja kwa moja kumshtaki kwa sungusungu, walinzi wa kijiji.

Nilimnong'oneza, "Mjomba, si ile sili ya zamani ya kuzuia oili, uliyoirudishia kwenye tabo?"

"Nyamaza. Unamtetea?"

Nikanyamaza. Linaniuma mpaka leo.

Sungusungu wakaamua: asipewe moto, maji wala salamu. Siku ya pili Mayu Kwandu alifunga mlango wake kwa kamba, akashika njia ya Maswa kwa miguu. Hatukumwona tena.

Jumamosi, saa nne asubuhi, injini ikawaka. Tukashangilia. Mjomba akavuta waya wa kuzimia.

Haikuzima.

Akakata dizeli. Ikazidi kunguruma. Ilikuwa inakula oili yake yenyewe, kupitia ile sili. Mjomba naye alijua, nilimwona usoni. Akavua koti, akalisokomeza kwenye mdomo wa hewa. Injini ikafa.

Tabo likaendelea.

Mluzi. Kimya. Mluzi. Kimya. Mluzi.

"Unasikia?" mjomba alinong'ona.

Nilikuwa natazama paa la Mayu Kwandu. Lilikuwa linafuka moshi.

Kamba ilikuwa bado mlangoni, fundo lile lile. Mjomba akaikata, akaingia. Hapakuwa na mtu. Jikoni mavi ya ng'ombe yalikuwa yakiwaka, na ugali ulikuwa wa moto. Akatoka akifikicha macho.

Hayajawahi kuwa meupe tena. Hospitali wamempa dawa za kila aina. Sasa ni mzee, na kina mama wakimwona huwavuta watoto wao ndani. Mimi ndiye ninayempelekea chakula.

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliamka na homa kali. Kabla hata sijafikiria malaria, nilijikuta nimesimama dirishani, nayatazama macho ya mjomba, aliyeketi uani.