Kioo cha Kaburi la Bibi Tupokigwe

Ndani ya darubini ya mwalimu Allen kila kitu kilionekana kichwa chini, isipokuwa yule mwanamke.

Mwalimu alishawaeleza mapema. Darubini yake ilitumia kioo badala ya lenzi kubwa: mwanga uliingia bombani ukagonga kioo kilichobonyea kama kijiko, na kijiko, kila mtu anajua, humpindua anayejitazama. Kwa hiyo jioni ile ya Julai, walipoijaribu kabla nyota hazijatoka, Generosa mkewe hakushangaa kuona mashamba ya chai ya Kawetele yakining'inia na mbingu ikiwa chini yake. Alishangaa kumwona mwanamke mmoja amesimama wima katikati ya chai, amewapa mgongo.

"Baba Sia, huyu mbona hajapinduka?"

"Macho yako yamechoka," Allen alijibu. Alikuwa mwalimu wa fizikia, ameletwa huku Tukuyu kutoka Moshi pamoja na ujuaji wake wote, na ukimuuliza jambo mara mbili ananuna.

Jioni iliyofuata mwanamke alikuwa ameshafika kwenye migomba yao. Nyumba ikaanza kunuka udongo uliolowa, na huo ulikuwa wakati wa kiangazi. Wakilala, Generosa alisikia kioo kikisagwa juu ya kioo, krrr, krrr, sauti ile ile iliyomchosha masika yote Allen alipokuwa akikisugua kwa unga wa msasa na maji, ila sasa Allen alikuwa kando yake anakoroma, na sauti ilitoka chumbani kwa mtoto.

Sia, binti yao wa pekee, aliamka akilia kwamba mvua inamnyeshea machoni. Ngozi ya uso ilikuwa imetutumka kama karatasi iliyoloana, na nyusi zimeanza kufutika.

Generosa alimshika mumewe shati.

"Kile kioo ulikitoa wapi?"

Allen alitazama miguu yake. "Kaburini. Pale nyuma, kwenye migomba. Kioo kinene vile Mbeya nzima hakipo. Mama Sia, wafu hawajitazami."

Generosa alitamani kumzaba kofi, na mpaka leo anajuta kwamba hakumzaba. Lilikuwa kaburi la Bibi Tupokigwe, mama wa mwenye nyumba wao. Kwenye jiwe la kichwani watoto wake waliweka picha yake, na juu yake kioo kinene cha mviringo, maana mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Generosa alikimbia kutazama. Picha ilikuwa imebaki karatasi nyeupe iliyovimba, haina jicho wala mdomo.

Aliporudi alimkuta Sia ameketi kitandani, ameloa tangu utosini ingawa shuka ni kavu, na kutoka katika kinywa kile cha mtoto aliyekuwa bado anang'oka meno ilitoka sauti ya kikongwe, nzito, isiyo na haraka, ikasema, "Mvua imenipiga usoni masika yote. Mmenifuta. Na mimi nafuta."

Walimwita mwenye nyumba, mama Anyelwisye, mzee wa kanisa mwenye mvi. Hakupiga kelele. Alisikiliza, akafunga kitenge chake vizuri.

"Kirudisheni kama kilivyokuwa."

"Mama, nimeshakisaga," Allen alinong'ona. "Nimekipaka na fedha. Hakiwezi tena kuwa kama kilivyokuwa."

"Kyala, Mungu wangu!" Akakitazama kile kioo. "Basi kirudi hivyo hivyo, na wewe ukirudishe kwa magoti."

Kulipokucha, Allen alipiga magoti akakibandika kioo kwa saruji. Mama Anyelwisye aliomba kwa Kinyakyusa mpaka sauti ikamkauka. Harufu ya udongo ikakatika. Uso wa Sia ukanyooka, nyusi zikarudi, na Generosa akalia kwa furaha bila aibu, akambusu mwanawe kila mahali.

Wakarudi nyuma hatua chache, wakasimama wote wanne kulitazama kaburi. Katika kioo mama Anyelwisye alionekana kichwa chini. Allen kichwa chini. Generosa mwenyewe kichwa chini, na mkono wake umeshika mkono mdogo.

Sia peke yake alisimama wima.

Mtoto alimwachia mama yake mkono, akamgeukia mama Anyelwisye na kumpangusa machozi.

"Ndaga, mwanangu," akasema. "Asante kwa kunirudisha nyumbani."