Getruda wa Nyumba ya Nyoka

Siku ya pili ya Idi, bustani ya nyoka na ndege pale Kiseke, Mwanza, ilifurika watu hadi getini. Luhende, fundi wa kuandika mabango kutoka Mirongo, alikuwa ameitwa kuandika upya majina ya wanyama. Akiwa anajipenyeza na kopo lake la rangi, umati ukamsukuma mbele, akajikuta uso kwa uso na chatu.

Chatu huyo alikuwa mabegani mwa msichana mrefu aliyevaa ovaroli ya kijani, buti za mpira na kitambaa chekundu kichwani. Kopo likamponyoka Luhende, rangi nyeupe ikamwagikia buti zile.

“Usiogope, kaka,” msichana alisema. “Huyu amekula Jumanne.”

“Na wewe dada, umekula lini?”

Msichana, Getruda kwa jina, akacheka hadi chatu akainua kichwa. Jioni walikula samaki aina ya sato pamoja, na kazi ya siku nne ikamchukua Luhende wiki tatu. Aliandika kobe, mamba, bundi, korongo. Mabango ya nyumba ya nyoka aliyaandikia nje, kivulini, akampa Getruda akayatundike mwenyewe. Getruda alimtania kwamba kajipatia mwoga. Kila jioni alimpigia simu kumweleza nani kala, nani kajivua gamba.

“Mpenzi,” Luhende alimkatiza, “mimi nataka habari zako, siyo zao.”

Kuna jambo Luhende hakumwambia. Dada yake Kashindye aliumwa na nyoka aina ya kifutu kwenye shamba la pamba kule Magu, akiwa na miaka tisa, akafia mgongoni mwa mama yao njiani kwenda zahanati. Na mama huyo, Tereza, naye hakuambiwa ukweli. Luhende alimwambia kwamba mchumba wake anatunza ndege.

Mama Tereza alipokuja Mwanza kutibiwa macho, Getruda alimpikia nyumbani kwa Luhende. Alivaa gauni la kitenge la bluu, akapiga goti na kumwamkia. Mama akaitikia marahaba, akampenda pale pale. Wakiwa wanakula, akamuuliza hao ndege wake wanalishwa nini. Getruda akashangaa. Akasema yeye hana ndege, yeye ni wa nyoka, akamwonyesha hata kovu kwenye kidole gumba. Mama akalirudisha tonge sahanini, akanawa mikono.

Habari ya Kashindye Getruda aliisikia kwa Luhende akiwa tayari amesimama mlangoni, anaondoka. Kukataliwa angekuvumilia.

“Umeniacha nimwonyeshe mama yako kovu,” alimwambia Luhende. Mwezi mzima hakupokea simu yake.

Ndani ya mwezi huo aliomba ahamishiwe kwa ndege. Miaka sita ya nyumba ya nyoka aliikabidhi ofisini kwa funguo mbili. Ndipo akapiga simu.

“Ulisema natunza ndege. Sasa natunza ndege.”

Luhende alifika kabla ya saa nzima kupita, rangi bado mikononi, akalia mbele ya banda la korongo bila kuficha uso. Wakapatana. Kesho yake Luhende akaenda Magu kwa mama yake.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akasema anaamini kwamba binti ameacha, na hana chuki naye.

“Lakini chakula kikitoka mikononi mwake, mwanangu, hakitapita kooni. Nimejilazimisha hata kwa mawazo tu, nimeshindwa. Namwona Kashindye anavimba.”

Luhende alirudi akisema wafunge ndoa hivyo hivyo. Getruda alikataa. Hakuweza kuwa mke ambaye mama mkwe akija kumtembelea mwanawe anashinda njaa. Akaomba arudishwe kwa nyoka, akaambiwa funguo zimeshapewa mtu mwingine.

Luhende alikuja getini mara moja tena, Jumapili, na shati lililopigwa pasi. Alisema yuko tayari kusubiri, hata iwe miaka.

“Usisubiri,” Getruda alimwambia. “Unajua tutakuwa tunasubiri nini? Mama yako afe.”

Getruda akamnyooshea kola ya shati, akarudi ndani kuwawekea kasuku maji.