Kamba ya Mbwa Kwenye Sikio la Mama

Wasomaji wenzangu, mnivumilie. Maneno mengine sijui kuyaandika sawasawa, maana shule yangu iliishia darasa la tano. Na huu mwandiko unaoyumba kama mlevi siyo uvivu... Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vimefungwa kitambaa. Mtajua kwa nini.

Nina miaka kumi na tisa. Naitwa Kabeya. Nilizaliwa Kambove, huku Katanga, baba alikokuwa akifanya kazi ya mgodi, lakini wazazi wangu walitoka jimbo la Kasai. Baba alipokufa tulihamia Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, mimi na mama, wawili tu. Sasa nawaandikia kutoka kambi ya wakimbizi, ndani ya hema la magunia, katika Lubumbashi hii hii niliyodhani ni kwetu.

Mimi ni mtu wa haya tangu utoto. Mtu akinitazama usoni, maneno yananikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nikitumwa dukani kununua chumvi, narudi na kile ambacho muuzaji alitaka kunipa! Mungu alininyima kinywa, akanipa vidole.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza vichwa vya watu. Siyo kwa mti wala kwa udongo. Nilitumia waya wa shaba, makopo ya maziwa, vizibo vya bia, vyuma vya miavuli iliyokufa. Na nilikuwa na desturi moja: kichwa cha mtu sikianzi mpaka anipe vitu vya nyumbani mwake mwenyewe. Fundi wa baiskeli alinipa mnyororo, ukawa ndevu zake. Mama Ngalula, jirani yetu aliyekaanga samaki, alinipa chujio lake lililochakaa, nikalifanya mashavu. Alipojiona alicheka hadi akakaa chini. “Ee Mungu! Ni miye kabisa, na ndui yangu yote!”

Aliyenisemea mbele za watu ni Mwila. Yeye ni mwenyeji wa huku, tulisoma pamoja shule ya parokia, na alikuwa anajua Kifaransa vizuri. Alibeba vichwa vyangu akavipeleka kwa Wazungu, akarudi na sifa, nguo na mikate. “Weye fanya, miye nitasema,” alikuwa akiniambia. “Weye ni mikono, miye ni kinywa. Siye ni muntu moja!”

Nilifurahi sana! Nani asiyefurahi kuondolewa mzigo?

Mama hakufurahi. Alikuwa akiniita “baba”, kwa sababu nilipewa jina la baba yake. “Baba,” alisema, “huyu mwenzako anacheka na meno tu. Angalia macho yake.” Sikuangalia. Mtu wa haya haangalii macho ya watu...

Kisha nikatengeneza kichwa cha mama. Mama hakuwahi kupigwa picha hata moja maishani. Kwa paji la uso alinipa kifuniko cha sufuria aliyopikia tangu alipoolewa. Macho yalikuwa vifungo vya koti la marehemu baba. Pua ilikuwa mpini wa kijiko. Nywele nilizisuka kwa waya wa shaba, mistari ile ile aliyopenda kusukwa. Masikio niliyakata katika kopo la maziwa, nikayatoboa.

Kabla sijafunga shingo, alileta rozari yake iliyokatika. Akazimimina shanga mule ndani kwa mkono wake, pamoja na msalaba mdogo. Akakitikisa kichwa. Kikalia! Mama akacheka.

“Siku nitakuwa sipo, baba, utakitikisa,” akasema. “Ni miye njo nitakuitika.”

Mwila alikuwa ameketi pale pale, anakula samaki. Aliona yote.

Halafu Katanga, jimbo letu, ikajitenga na Kongo. Ikawa na bendera yake na askari wake, na sisi watu wa Kasai tukageuka wageni barabarani. Watoto tuliowafundisha kutengeneza vigari vya waya walitutupia mawe. Vijana walipita makundi makundi na fimbo, wakichoma nyumba. Asubuhi moja Mwila alikuja akikimbia, jasho linamtoka.

“Kabeya, kimbieni! Vijana banakuya leo, nilisikia jina yenu! Acheni bintu yote, miye nitachunga!”

Tulitoka na godoro na sufuria. Mlangoni nilimkumbatia, ndugu zangu! Nilimkumbatia nikilia, nikamshukuru kwa kutuokoa!

Kambini kulikuwa na maelfu ya watu na tope. Mvua iliingia kwenye magunia kama iko kwake. Mama akaanza kuhara. Mwili wake ukaisha, uso ukabaki mifupa. Siku moja akaniambia: “Niletee kichwa yangu, baba. Nione kama ningali ninafanana.”

Nikatuma ujumbe. Mwila alikuja hadi kwenye uzio, amevaa viatu vipya. Alisema amekificha, vijana wanapekua kila nyumba, nivumilie kidogo tu. Nikavumilia. Kila nilipoingia hemani mama aliuliza: “Kimekuja?” Nami nilijibu: “Kesho, mama.” Nilidanganya mpaka nikazoea.

Alikufa nikiwa kwenye foleni ya maji. Niliporudi na ndoo, wanawake walikuwa wameshamfunika. Waliniambia neno lake la mwisho lilikuwa ni lile lile: “Kimekuja?”

Baada ya mazishi Mama Ngalula naye akafika kambini. Aliponiona alishika kichwa. “Mwanangu, ninyi mulikimbia nini siku ile?” akaniuliza. Nikamweleza. Akasema taratibu: “Siku ile hakukuya muntu kwa njia yetu. Hata moja! Saa ya chakula Mwila alikuwa amefunga nyumba yenu na kufuli yake. Kisha akapakia bichwa yako yote mu mukokoteni, akapeleka Karavia kwa Bazungu. Anasema ni yeye njo alitengeneza.”

Fikirini, wasomaji... Tusingekimbia, mama angekuwa hai leo?

Wakati huo wakubwa wa kambi walikuwa wanaandikisha watu wa kurudishwa Kasai kwa treni. Kasai ambayo mimi sijawahi kuiona! Nikasema moyoni: nitakwenda, lakini sitakwenda bila uso wa mama. Nikatoroka kambini, nikapita njia za nyuma hadi Karavia.

Nyumba niliijua kwa vichwa vilivyopangwa barazani. Mwila alikuwa ameketi na mwenye nyumba, Madame wa Kizungu, glasi mkononi, shati jeupe. Na pale karibu na mlango, ukutani, alikuwa mama yangu... Kamba ya mbwa imening'inizwa kwenye sikio lake! Lile sikio nililolikata na kulipiga msasa ili lisimkwaruze mtu!

Nikasimama mbele ya Madame. Nikafungua kinywa. “Madame... ma maman... mama yangu...” Basi. Mwiba wa samaki ukarudi kooni. Yeye alikuwa mgeni nchini, hakujua Kiswahili.

Hapo nikafanya nilichozoea kufanya siku zote. Nikamgeukia Mwila. Nikamwambia: “Mwila, nisemee.”

Nisemee! Mnaweza kucheka, nastahili kuchekwa. Mwizi wangu mwenyewe!

Alisimama taratibu. Akasema Kifaransa kirefu kama padre kwenye misa, akininyooshea mkono kwa huruma. Madame akanitazama kama mtu anayetazama kichaa. Nikaona maneno hayatanisaidia. Nikakishusha kichwa cha mama, nikaitupa ile kamba, nikakitikisa ili wasikie.

Kimya.

Nikatikisa tena, kwa nguvu. Kimya! Mama hakuniitika.

Nikadhani shanga zimekwama kwenye waya. Mwila akaondoka, akarudi na koleo, akanipa kwa upole. “Fungua, ndugu yangu. Madame amekubali. Kama ile shanga iko mule ndani, kichwa ni yako.”

Nikafungua. Kwa mikono hii hii! Nilikata waya chini ya kidevu, nikararua shavu, nikakunja kifuniko cha sufuria yake. Vifungo vya koti la baba vikadondoka, vikabingirika chini ya viti. Bati likanipasua vidole hadi mfupani. Nikachungulia ndani ya mama yangu...

Hakukuwa na kitu. Damu yangu tu ndiyo iliyokuwa ikidondokea mule.

Madame alipiga kelele neno moja la Kiswahili alilokuwa nalo: “Toka!” Mbwa akafunguliwa. Mwila alinisindikiza hadi getini, ameniwekea mkono begani kama zamani, akasema sikioni mwangu:

“Ile shanga nilitupa mu choo siku ya kwanza. Nilijua utakuya, Kabeya. Na nilijua utaniomba miye niseme.”

Kisha akafunga geti.

Ndugu zangu wenye haya, ninyi mnaojificha nyuma ya rafiki mwenye maneno mazuri, nawasihi! Usimkabidhi mtu kinywa chako. Kigugumizi chako ni chako, kitumie hivyo hivyo. Afadhali uchek­we kwa maneno mabovu kuliko kusifiwa kwa kinywa cha mwingine. Mimi nilimpa Mwila kinywa changu akala nacho. Akala nyumba, akala kazi ya mikono yangu, akamla na mama.

Na mikono? Bado ninayo, ingawa vidole viwili havikunjiki. Kwa hiyo nawaomba, ninyi mnaofanya kazi Karavia, mnaofagia nyua na kutupa takataka: mkiona kifuniko cha sufuria kilichokunjwa, kina alama za waya pembeni, msikitupe. Mkiokota kifungo cheusi cha koti, hata kimoja, kiwekeni. Naweza kuunganisha. Nipeni vipande tu!

Niandikieni, mpeni barua yeyote anayekuja kambini kwa misa ya Jumapili. Hata kama hamjaokota kitu, niandikieni. Niambieni mlijifunzaje kusema. Mimi nasoma polepole, lakini treni bado haijaja.