Jina Chini ya Karatasi

Katika nyumba ya akina Aline, mjini Louisville, watu walilala kwa zamu. Baba yake, Jovini, alipakia mizigo usiku kwenye ghala lililo karibu na uwanja wa ndege, akarudi asubuhi macho yamemwiva. Mama yake, Kostansia, alitoka asubuhi hiyohiyo kwenda kuhudumia vikongwe katika nyumba ya kutunzia wazee. Walipishana mlangoni, huyu akimwachia yule funguo. Aline, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alibaki kumpikia uji mdogo wake Karoli na kumkataza kupiga kelele. "Baba amelala" ndiyo sentensi ya Kiswahili ambayo Karoli aliijua vizuri kuliko zote. Mambo mengine aliyajibu kwa Kiingereza.

Mwezi wa Julai mwaka 2016, Baba alipata likizo ya wiki moja. Ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu afike Marekani, na alijua pa kuipeleka. Kaka yake mkubwa, Leopoldi, alikuwa akiishi Buffalo, mbali sana upande wa kaskazini. Ndugu hao wawili walikulia pamoja katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kisha kila mmoja akapewa ndege yake na mji wake. Kwa miaka tisa walikuwa wakisikilizana kwenye simu tu. Sasa walikuwa wamepanga kukutana, familia mbili, wapige kambi siku tatu karibu na maporomoko makubwa ya maji ambayo Karoli alikuwa ameyachora mara kumi na moja.

Kempa waliazimwa na Balagizi, Mkongomani aliyefanya kazi na Baba ghalani. Ilikuwa nyumba ndogo ya magurudumu, nyeupe iliyopauka, yenye vitanda viwili, jiko na meza ya kukunja, nayo ilivutwa nyuma ya pikapu. Balagizi aliipenda kempa yake. Kabla ya kuikabidhi alimwita Aline, kwa kuwa ndiye aliyesoma Kiingereza vizuri kuliko wote, akampa karatasi kadhaa, moja kwa kila safari, zote zenye maswali manane yaleyale. Je, pini imefungwa? Je, minyororo miwili imeunganishwa? Je, taa za nyuma zinawaka? Swali la nane lilipigiwa mistari miwili: Je, mizigo mizito iko mbele ya magurudumu?

"Hii ya nane usiichezee," Balagizi alisema. "Mzigo ukikaa nyuma, kempa inainua shingo na inaanza kutikisa mkia. Mkia ukitikisika, hata baba yako na nguvu zake hawezi kuushika. Donc, basi, kila mara kabla ya kuondoka, zunguka, gusa, halafu andika."

Baba aliongeza sheria yake mwenyewe, aliyoitoa kazini. Ghalani, lori halikuondoka mpaka mkaguzi aandike jina lake chini ya karatasi. "Na sisi tutafanya hivyohivyo," alisema. "Karatasi isiyo na jina, gari haliondoki. Wewe ndiye mkaguzi wangu, Aline."

Aline aliona fahari kubwa. Asubuhi ya safari alizunguka kempa mara mbili, akagusa minyororo, akamwagiza Karoli akanyage breki ili aone taa, kisha akaandika jina lake kwa mwandiko wa shuleni. Tatizo moja tu hakuna aliyelikagua: Baba alikuwa ametoka kazini saa mbili tu zilizopita.

Walifika Columbus alasiri, wamechoka na joto. Walipokelewa na Mama Nzigire, jirani yao wa zamani kutoka Bukavu aliyehama Louisville akaenda kukaa karibu na barabara ya Morse, mahali penye maduka mengi ya Kiafrika. Baba alipewa kitanda, akaanguka kama gogo. Ila habari zilikuwa zimeshatembea kanisani na dukani: kuna watu wanakwenda Buffalo na nyumba nzima. Jioni ile walikuja wageni kumi na wanane kuwasalimu, na salamu zao hazikuwa za mdomo tu. Huyu alikuwa na mama mkwe Buffalo, yule alikuwa na shangazi. Aline alitembeza chai, akaosha vikombe, akatembeza tena, akaosha tena. Alilala kwenye zulia katikati ya watoto sita, na mmoja wao alimpiga mateke mpaka kulipopambazuka.

Asubuhi, Baba akiwa bado amelala, vifurushi vilianza kupakiwa. Yalikuja magunia matatu ya unga wa muhogo, madumu mawili ya mawese, sanduku la dagaa wakavu, maharage, na mwishowe cherehani ya chuma yenye uzito wa mtu mzima. Mama aliitazama ile cherehani.

"Mama Nzigire, si tunakwenda kupumzika tu? Kempa yenyewe si yetu."

"Mama Aline, unapita na nyumba muzima, na iko bule?" Mama Nzigire alicheka. "Na watu yetu ya Buffalo, watakula nini? Bon, weka hapa nyuma, karibu na mulango. Mukifika, munashusha mbio."

Kumkatalia mtu kifurushi cha ndugu yake ni jambo gumu. Kambini, kifurushi kilichobebwa na msafiri ndicho kilichowafanya watu wajue kwamba hawajasahauliwa. Mama akashika upande mmoja wa cherehani. Vyote vikapangwa nyuma kabisa, kimoja juu ya kingine, mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa na goti.

Wakati huo Aline alikuwa amekwisha kupanda kwenye pikapu. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, karatasi juu ya mapaja, kope zikimwangukia. Alijua alitakiwa kushuka na kuzunguka. Lakini jana si alikagua? Pini ni ileile, minyororo ni ileile. Akaweka alama nane, moja baada ya nyingine, bila kunyanyua kichwa.

Baba alikuja akipangusa uso, akaingia nyuma ya usukani. "Umekagua, Aline?"

"Nimekagua, Baba."

"Jina?"

"Nimeandika."

Baba hakugeuka kutazama. Alimwamini. Akawasha gari.

Kwa saa tatu na nusu hapakuwa na shida, maana barabara ilijaa magari na walikwenda polepole. Walipoupita mji wa Cleveland na kushika barabara kuu inayofuata ziwa, njia ikafunguka na Baba akaongeza mwendo. Lori refu likawapita upande wa kushoto. Upepo wake ulipoisukuma kempa, ile kempa ikaenda kulia, ikarudi kushoto, ikaenda kulia zaidi. Pikapu nayo ikaanza kuvutwa huku na huku. Sufuria zilianguka kule nyuma. Karoli alilia. Mama alimkamata Baba bega, kisha akamwachia upesi asije akamharibia.

Baba hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani kwa mikono miwili. Gari la nyuma yao lilipiga honi ndefu. Kempa ikatikisika mara nne, mara tano, kila mara kwa nguvu pungufu kuliko ya mara iliyotangulia, hadi mwendo ulipopungua ikatulia. Wakajikokota pembeni mwa barabara mpaka kituo cha mapumziko kilichofuata, na hapo Baba akazima injini.

Baba ndiye aliyeanza.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimefanya kazi usiku sita mfululizo, kisha nikajifanya dereva wa safari ndefu. Nadhani nilisinzia. Ningewaua nyote." Alitoa simu mfukoni. "Nitampigia Leopoldi. Nitamwambia tunarudi. Tutapumzika hapa mpaka kesho, kisha turudi nyumbani polepole."

"Baada ya miaka tisa?" Mama aliuliza.

"Afadhali asinione kuliko kuja kunizika."

Aline alikuwa ameishika karatasi mpaka imelowa jasho. Alikumbuka sauti ya Mama Nzigire ikisema "weka hapa nyuma", akaelewa. Kempa ilitikisa mkia, kama Balagizi alivyosema. Vilevile alielewa jambo la pili, nalo lilimtia hofu kuliko lile la kwanza: akinyamaza, hakuna atakayejua. Baba alikuwa ameshajitwika kosa. Wangerudi Louisville, Baba angeona aibu mbele ya kaka yake, na yeye angesalimika. Lakini wangerudi na mizigo ileile, nyuma kulekule, kwenye barabara ileile. Aliona aibu isiyo na pa kujificha.

"Baba, hukusinzia," alisema. "Usimpigie."

Baba akageuka.

"Sikukagua. Nilikuwa nimechoka, nikaweka alama nikiwa humu ndani. Mizigo yote mizito iko nyuma. Swali la nane nililiandikia uongo, na yale mengine pia."

Machozi yalimtoka. Baba akashuka garini. Akaufungua mlango wa kempa. Sanduku la dagaa likamwangukia miguuni.

Ilibidi washushe kila kitu. Walitandaza magunia, madumu, maharage na cherehani kwenye nyasi, na wasafiri waliokuja chooni walidhani wamefungua duka. Mzee mmoja aliuliza bei ya cherehani. Kisha wakapanga upya: vizito vyote vikaenda kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu na sakafuni mbele ya magurudumu ya kempa, na nyuma wakabakiza mablanketi. Kazi ile ilichukua zaidi ya saa nzima kwenye jua. Mama alipokuwa akifunga kamba, alisema bila kumtazama mtu, "Na mimi nilijua ni vingi mno. Nilishindwa kusema hapana."

Walipomaliza, Baba alikaa kwenye nyasi, akampungia Aline mkono aje akae karibu. Alichukua ile karatasi ya Columbus.

"Jina hili ni la nani?"

"Langu, Baba."

"Mizigo yetu ya ghalani huruka kwa ndege, na rubani haingii nyuma kuihesabu. Anasoma karatasi, anaona jina, anaruka. Jina ni wewe mwenyewe umesimama pale ukisema, nimeona kwa macho yangu. Leo niliendesha kwa kuliamini jina lako." Sauti yake ilikuwa ya uchovu, haikuwa ya hasira. "Kuchoka si kosa, Aline. Mimi nimechoka, mama yako amechoka, kila mtu tunayemjua amechoka. Ungeniambia, 'Baba, nimechoka, bado sijakagua,' ningekungoja. Ningekungoja hata siku nzima. Neno hilo moja tu ndilo lilikosekana."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Umeniambia mwenyewe, wakati ungeweza kuninyamazia. Hilo nalo nimeliona." Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. "Na mimi nilipaswa kusema nimechoka kabla hatujatoka Louisville. Sasa naenda kulala saa moja chini ya ule mti. Nikiamka, ukague."

Alipoamka, Aline alizunguka, akagusa, akaandika. Kempa ilikwenda nyuma yao imetulia mpaka Buffalo.

Jua lilikuwa bado halijazama walipoingia mtaa wa East Side. Leopoldi alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba tangu saa nane mchana. Alisimama, akaja barabarani bila viatu. Ndugu hao wawili walikumbatiana, na Aline akaona mabega ya baba yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Baadaye, baada ya kula, Baba alitoa ile karatasi, akasimulia yote. Aline aliinamisha kichwa akingoja kugombezwa.

Leopoldi aliisoma karatasi, akaitazama cherehani iliyosimama sebuleni. "Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua," alisema. "Mimi nilidhani ni maneno ya wagonjwa. Kumbe hata uchovu ukifichwa hutafuta njia ya kutokea. Mwanangu, umeufichua mwenyewe kabla ya kilio. Ndiyo maana leo nimekula na ndugu yangu."

Kesho yake asubuhi walijiandaa kwenda kupiga kambi. Karoli alikuwa ameshafunga mkanda, na jamaa za Leopoldi walikuwa kwenye gari la mbele, injini ikiunguruma. Baba aliwasha pikapu.

"Umekagua, Aline?"

Aline alikuwa amelala vibaya, na miguu ilimuuma. Wote walikuwa wakimngoja.

"Bado, Baba," alisema. "Nimechoka. Nitakwenda polepole."

Baba akazima injini. Akalaza kiti chake nyuma, akafumba macho.

"Nenda," alisema. "Tunakungoja."